Jemadari Aliyekataa Kiapo: Maisha ya Artemio Ricarte wa Ufilipino

Mwezi wa Februari 1903 meli ya jeshi la Marekani iliyoitwa Thomas ilitia nanga katika ghuba ya Manila, mji mkuu wa Ufilipino. Ndani yake walikuwamo wafungwa wawili waliorejeshwa kutoka Guam, kisiwa kidogo katika bahari ya Pasifiki, ambako walikuwa wamewekwa uhamishoni kwa muda wa miaka miwili. Mji wao ulikuwa mbele ya macho yao. Kati yao na nchi kavu palikuwa na kitu kimoja tu: kiapo cha utii kwa Serikali ya Marekani. Atakayeapa angeshuka na kwenda zake. Asiyeapa asingeshuka.

Wa kwanza alikuwa Apolinario Mabini, mwanasheria aliyepooza miguu, aliyekuwa waziri mkuu wa kwanza wa Jamhuri changa ya Ufilipino. Mabini aliapa. Alikuwa mgonjwa, na hakutaka kufa ugenini. Hata miezi mitatu haikutimia; tarehe 13 Mei ya mwaka ule ule kipindupindu kilimchukua, akazikwa katika nchi yake.

Wa pili alikuwa Jenerali Artemio Ricarte, mtu wa miaka 36, mzima wa mwili. Huyu alikataa. Hakuruhusiwa kuukanyaga hata mchanga wa pwani ya Manila. Alipandishwa meli nyingine na kupelekwa Hong Kong, akiwa hana kazi, hana jeshi wala nchi.

Tumeona vema kuisimulia habari ya huyu wa pili katika ukurasa huu unaosomwa na wazazi na watoto wao. Hatuisimulii kwa kuwa maisha yake yote yanafaa kuigwa. Msomaji ataona mbele kwamba sivyo. Tunaisimulia kwa sababu mtu huyu alilishika neno lake kwa muda wa miaka arobaini na zaidi, akalipa kila alichodaiwa kwa ajili yake, kisha katika uzee wake akajikuta amesimama chini ya bendera ya mkoloni mwingine. Ni kisa chenye mafunzo mazito, na wengi wetu hatujawahi kukisikia.

Mwalimu aliyegeuka jemadari

Artemio Ricarte alizaliwa tarehe 20 Oktoba 1866 katika mji wa Batac, mkoa wa Ilocos Norte, kaskazini ya kisiwa cha Luzon. Wazazi wake walikuwa Faustino Ricarte na Bonifacia Garcia. Alipelekwa Manila kusoma, akahitimu na kuwa mwalimu, kisha akapewa shule ya msingi katika mji wa San Francisco de Malabon, mkoa wa Cavite, kusini ya Manila.

Wakati huo Wahispania walikuwa wameitawala Ufilipino kwa zaidi ya miaka mia tatu. Ardhi kubwa na nzuri ilikuwa mikononi mwa mashirika ya mapadri wa Kihispania, na mkulima mwenye nchi alilima kama mpangaji kwenye shamba ambalo babu yake alilimiliki. Mwaka 1892 mfanyakazi wa ghala mjini Manila, Andres Bonifacio, pamoja na wenzake, waliunda chama cha siri kilichoitwa Katipunan, nia yake ikiwa ni kuwang'oa Wahispania kwa nguvu. Mwalimu Ricarte alijiunga nacho. Kila mwanachama alipewa jina la siri, na yeye alijulikana kama Víbora, yaani nyoka mwenye sumu. Jina hilo lilimganda hata akazeeka nalo.

Mapinduzi yalipolipuka mwezi wa Agosti 1896, mwalimu aliiacha chaki. Tarehe 31 ya mwezi huo aliwaongoza watu wake kuishambulia ngome ya Wahispania katika mji ule ule aliokuwa akifundisha. Miezi saba baadaye, tarehe 22 Machi 1897, viongozi wa mapinduzi walikutana mahali paitwapo Tejeros ili kuunda serikali moja. Emilio Aguinaldo alichaguliwa kuwa Rais, na Ricarte akachaguliwa kuwa Jemadari Mkuu. Hadi leo jeshi la nchi kavu la Ufilipino huihesabu tarehe hiyo kuwa siku ya kuzaliwa kwake.

Lakini mkutano huo huo ulizaa balaa. Bonifacio, mwasisi wa Katipunan, aliona amedharauliwa, akayakataa matokeo ya uchaguzi. Haikupita miezi miwili, tarehe 10 Mei, akapigwa risasi kwa amri ya mahakama ya kijeshi ya wenzake. Mapinduzi yakamla aliyeyaasisi, huku adui akiwa bado yupo nje anasubiri. Ricarte aliyashuhudia hayo kwa macho yake, na miaka thelathini baadaye, akiwa uhamishoni, aliyaandika katika kumbukumbu zake.

Bwana mpya katika kiti cha bwana wa zamani

Mwaka 1898 Marekani iliingia vitani na Hispania kwa sababu ya Kuba. Tarehe 1 Mei manowari zake ziliziteketeza meli za Wahispania katika ghuba ya Manila. Wafilipino walidhani wamepata rafiki. Aguinaldo, aliyekuwa Hong Kong, alirejeshwa kwa meli ya Marekani, akaongoza vita dhidi ya Wahispania, na tarehe 12 Juni akatangaza uhuru wa nchi yake.

Urafiki huo ulidumu muda wa kulihitaji jeshi la Wafilipino, basi. Mwezi wa Agosti Wamarekani na Wahispania walikubaliana kwa siri kupigana vita vya maigizo, ili Manila ikabidhiwe kwa Wamarekani na wanamapinduzi wazuiwe kuingia. Mwezi wa Desemba, katika mkataba uliotiwa saini Paris, Hispania iliitoa Ufilipino kwa Marekani kwa malipo ya dola milioni 20. Mfilipino hakuwamo chumbani wakati nchi yake ikipigiwa bei.

Usiku wa tarehe 4 Februari 1899 bunduki zililia. Ricarte alikuwa miongoni mwa majenerali walioongoza mapambano kuuzunguka mji wa Manila. Vita hivyo vilikuwa vikali mno. Jeshi la Jamhuri liliposhindwa katika mapambano ya wazi liligeukia vita vya msituni, na Wamarekani wakajibu kwa kuchoma vijiji na kuwakusanya wananchi katika kambi. Hukadiriwa kwamba raia wasiopungua 200,000 walikufa kwa vita, njaa na maradhi.

Mwezi wa Julai 1900 Ricarte alikamatwa ndani ya Manila alikojipenyeza. Mwezi wa Januari uliofuata alipelekwa Guam pamoja na Mabini na makumi ya wenzao walioonekana kuwa wakaidi. Akiwa huko, Rais Aguinaldo alitekwa mwezi wa Machi 1901, na mwezi wa Aprili akala kiapo cha utii kwa Marekani na kuwataka wapiganaji wake waweke silaha chini. Kiongozi alikuwa ameapa. Basi nani angemlaumu askari?

Waislamu wa kusini na mkataba uliovunjwa

Hapa yatupasa kusimama kidogo, kwa maana msomaji wetu atakuwa anajiuliza: na Waislamu wa Ufilipino, je, walikuwa wapi?

Uislamu ulifika katika visiwa hivyo muda mrefu kabla ya Wahispania. Manila yenyewe, Wahispania walipoiteka mwaka 1571, ilikuwa na mtawala Mwislamu, Rajah Sulayman. Baadaye Uislamu ulibaki na nguvu kusini, katika Mindanao na visiwa vya Sulu, kwa watu ambao Wahispania waliwaita Wamoro. Watu hao hawakupata kutiishwa kikamilifu na Hispania katika karne zote tatu.

Vita vya mwaka 1899 vilipoanza, Wamarekani hawakutaka kupigana pande mbili kwa wakati mmoja. Walimtuma Jenerali John Bates kusini, na tarehe 20 Agosti 1899 alitiliana saini mkataba na Sultani Jamalul Kiram wa Pili wa Sulu. Mkataba uliahidi kuiheshimu dini ya watu wa Sulu na heshima ya Sultani wao. Kusini ikatulia, na Wamarekani wakapata nafasi ya kuimaliza kaskazini. Kaskazini ilipokwisha, mwaka 1904, Marekani iliufuta mkataba huo peke yake. Mwezi wa Machi 1906 askari wake waliupanda mlima Bud Dajo katika kisiwa cha Jolo, wakaua mamia ya Waislamu waliokimbilia huko, wanawake na watoto wakiwamo.

Tunalitaja jambo hili si kwa ajili ya huzuni tu. Sultani wa Sulu alidhani kwamba aliyepigana na Mhispania hatakuwa adui yake. Aguinaldo alikuwa amedhani hivyo hivyo mwaka mmoja kabla. Wote wawili walikosea. Msomaji aliweke hilo akilini, maana tutalirudia.

Kiapo mara ya pili

Turejee kwa Ricarte. Kule Hong Kong angeweza kukaa na kusahauliwa. Badala yake, mwezi wa Desemba 1903, alijificha ndani ya meli na kuingia Manila kwa siri. Alizunguka mikoa ya Luzon akiwatafuta wapiganaji wa zamani ili vita vianze upya. Wengi aliowaendea walikuwa wamekwisha kuapa. Wengine walikuwa na kazi serikalini, na wengine walikuwa wamechoka tu. Walimpokea kwa heshima, lakini hawakumfuata.

Mwaka 1904 alikamatwa Mariveles, mji mdogo wa pwani katika mkoa wa Bataan, baada ya kusalitiwa na Mfilipino mwenzake. Alihukumiwa kifungo cha miaka sita, akafungiwa katika gereza la Bilibid mjini Manila, akitengwa na wafungwa wengine. Mauaji ya Bud Dajo yalipotokea, yeye alikuwa ndani ya kuta hizo.

Tarehe 26 Juni 1910 kifungo kilikwisha. Mlangoni alikuta karatasi ile ile ya miaka saba nyuma ikimngoja. Akiapa, ataingia mjini akiwa mtu huru. Alikataa tena, na siku hiyo hiyo akasindikizwa melini na kupelekwa Hong Kong kwa mara nyingine.

Tujiulize kwa haki: je, karatasi ile ilikuwa na uzito gani? Wenzake walioapa hawakuwa wasaliti wote. Wengine walikuwa na watoto wa kulisha, na wengine waliamini kuwa uhuru ungeweza kudaiwa barazani baada ya kushindikana vitani. Mabini aliapa, na hadi leo hakuna Mfilipino anayeutilia shaka uzalendo wake. Lakini Ricarte alikuwa amekula kiapo kingine kabla, kiapo cha Katipunan na cha Jamhuri, naye hakuona kwamba kifua kimoja kinaweza kubeba viapo viwili vinavyopingana. Sisi tuliolelewa tukijua kwamba yamini si maneno ya kupitisha siku, hatuwezi kumcheka.

Mwanamke aliyeubeba mzigo

Katika visa vya namna hii aghalabu watu humtaja jemadari na kumsahau aliyempikia, aliyemficha na aliyemuuguza. Sisi hatutafanya hivyo, kwa kuwa Bibi Agueda Esteban ana habari yake mwenyewe.

Alizaliwa Manila mwaka 1868. Mume wake wa kwanza, Mariano Barroga, mwenyeji wa Batac kama Ricarte, alikuwa mpiganaji wa mapinduzi. Agueda alikuwa akinunua mjini Manila shura, shaba na risasi ya kuyeyusha, kisha akavipitisha mbele ya macho ya Wahispania hadi Cavite, ambako wapiganaji walitengenezea baruti na risasi za bunduki. Alibeba pia barua za siri. Mume wake alifariki mwaka 1902, akaachwa mjane mwenye watoto.

Mwaka 1911 alisafiri pamoja na binti yake mdogo kwenda Hong Kong, akaolewa na Ricarte. Tulitafakari sana juu ya safari hiyo. Ricarte alikuwa na jina kubwa na mfuko mtupu. Hakuwa na mshahara, na kila alipokwenda alifuatwa na wapelelezi. Mwanamke mwenye akili timamu, aliyekwisha kuonja ujane wa vita, alimchukua mtoto wake akamwendea mtu huyo. Hiyo nayo ni ahadi, nayo haikuandikwa kwenye karatasi yoyote.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza, Waingereza waliokuwa wakiitawala Hong Kong hawakutaka mgeni mwenye maneno ya mapinduzi. Ricarte na familia yake walihama, wakapitia Shanghai, hatimaye wakafika Japani. Huko alifundisha lugha ya Kihispania mjini Tokyo, na familia ikakaa Yokohama, mji wa bandari. Humo walifungua mkahawa mdogo wa vyakula vya kwao, wakauita Karihan Luvimin. Karihan ni mahali pa kulia chakula kwa Kitagalog. Luvimin ni jina walilolishona kwa vipande vya majina matatu: Luzon, Visayas na Mindanao. Ndiyo visiwa vya kaskazini, vya katikati, na vile vya kusini wanakoishi Waislamu. Nchi waliyokatazwa kuikanyaga waliiandika juu ya mlango wa jiko lao.

Wanafunzi na mabaharia wa Kifilipino waliopita Yokohama walikwenda kula hapo na kumsikiliza mzee. Wanasiasa nao walimtembelea, Manuel Quezon, aliyekuja kuwa Rais, akiwa mmoja wao. Walimsihi arudi nyumbani. Mwaka 1934 Marekani ilipitisha sheria ya kuipa Ufilipino uhuru baada ya kipindi cha miaka kumi, na mambo yalikuwa yamelegea. Jibu la Ricarte halikubadilika: maadamu bendera ya Marekani inapepea juu ya nchi yake, yeye hatarudi.

Kuruka majivu, kukanyaga moto

Lau kisa kingekoma hapo, tungekuwa na shujaa asiye na doa, na makala hii ingekuwa nyepesi kuiandika. Lakini historia haikukoma.

Tangu Japani ilipoishinda Urusi vitani mwaka 1905, watu wengi wa Asia waliokuwa chini ya ukoloni waliitazama kwa matumaini. Lilikuwa taifa la Asia lililothubutu kumpiga mzungu na kumshinda. Ricarte, aliyepewa hifadhi huko wakati wengine walimfukuza, aliamini kwamba ukombozi wa Ufilipino ungetoka Tokyo.

Dalili za kinyume zilikuwapo. Mwaka ule ule wa 1910 alipotoka Bilibid, Japani iliimeza Korea na kuifanya koloni. Mwezi wa Septemba 1923, baada ya tetemeko kubwa lililozibomoa Yokohama na Tokyo, makundi ya raia wa Kijapani yaliwaua maelfu ya Wakorea kwa uvumi wa uongo kwamba wametia sumu visimani. Mwaka 1931 Japani iliivamia Manchuria. Ricarte aliishi nchini humo wakati wa mambo hayo mawili ya mwisho. Mtu aliyeijua harufu ya ukoloni tangu ujanani hakuinusa nyumbani kwa mwenyeji wake; au aliinusa, akajiambia kwamba kwa Wafilipino mambo yatakuwa tofauti.

Mwezi wa Desemba 1941 Japani iliivamia Ufilipino. Ricarte, mwenye miaka 75, alirejeshwa kwa ndege ya Kijapani kaskazini ya Luzon. Alikuwa ameondoka kwa nguvu mwaka 1910. Sasa, baada ya miaka 31, aliikanyaga ardhi ya kwao bila kula kiapo cha Marekani. Neno lake lilikuwa limetimia. Lakini aliokuja nao hawakuja kuikomboa nchi.

Mwezi wa Aprili 1942 majeshi ya Wafilipino na Wamarekani yalisalimu amri huko Bataan. Wajapani waliwakusanya mateka zaidi ya 70,000, wengi wao wakiwa Wafilipino, wakawatembeza kwa miguu juani, mwendo wa takriban kilomita 100, bila chakula wala maji ya kutosha. Aliyeanguka aliuawa. Maandamano hayo ya mauti yalianzia Mariveles, mji ule ule ambao Ricarte alikamatwa mwaka 1904 akitafuta watu wa kupigania uhuru. Japani hiyo ndiyo ambayo baadhi ya wazee wetu, askari wa KAR kutoka Tanganyika, Kenya na Uganda, walipelekwa kupigana nayo katika misitu ya Burma.

Wajapani hawakumpa Ricarte madaraka yenye maana. Walilihitaji jina lake. Tarehe 14 Oktoba 1943 walipoitangaza Jamhuri waliyoifadhili wao, wazee wawili waliitwa kuipandisha bendera ya Ufilipino: Emilio Aguinaldo aliyeapa, na Artemio Ricarte aliyekataa kuapa. Walisimama kamba moja mkononi, na mabwana wa sherehe walikuwa wengine kabisa. Mwezi wa Desemba 1944, Wamarekani wakiwa wamekwisha kurudi, jina la Ricarte liliwekwa pia miongoni mwa viongozi wa Makapili, kundi la Wafilipino waliochukua silaha upande wa Japani. Watu wa kundi hilo walijifunika vikapu vichwani na kuwanyooshea vidole majirani zao, na aliyenyooshewa kidole hakurudi nyumbani.

Wahenga walisema kuruka majivu na kukanyaga moto. Hatujui mithali inayomfaa mzee huyu kuliko hiyo.

Mwisho wake milimani

Mapema mwaka 1945 majeshi ya Marekani yaliingia Manila. Katika mwezi mmoja wa vita vya mitaani raia wapatao 100,000 walikufa, wengi wakichinjwa na Wajapani waliokuwa wakizingirwa. Ricarte alikimbilia milima ya kaskazini pamoja na mabaki ya jeshi la Jenerali Yamashita. Yasimuliwa kwamba alishauriwa apelekwe Japani kwenye usalama, akakataa kuiacha nchi yake ikiwa katika dhiki. Alikuwa amekwisha kuishi ugenini vya kutosha.

Tarehe 31 Julai 1945, katika milima ya Hungduan, mkoa wa Ifugao, aliaga dunia kwa maradhi ya kuhara damu. Alikuwa na umri wa miaka 78. Wiki mbili baadaye Japani ilisalimu amri. Tarehe 4 Julai 1946 bendera ya Marekani ilishushwa mjini Manila na Ufilipino ikawa huru. Kiapo alichokikataa mara mbili hakikumfunga tena mtu yeyote. Alikosa kuiona siku hiyo kwa miezi kumi na moja.

Miaka mingi baadaye mifupa yake ilihamishiwa katika makaburi ya mashujaa karibu na Manila. Mji wa Batac unamwadhimisha, na jeshi la majini la nchi yake limeipa meli moja jina lake. Katika bustani ya Yamashita, Yokohama, karibu na bahari, pana jiwe la kumkumbuka. Walakini wapo Wafilipino ambao babu zao walinyooshewa vidole na wenye vikapu, na hao wakisikia jina lake hunyamaza. Hatuoni kwamba upande mmoja unakosea.

Tunachojifunza

Wazazi watakaosoma makala hii pamoja na watoto wao wanaweza kuulizwa swali jepesi kwa kinywa na zito kwa jibu: je, Ricarte alikuwa mtu mwema au mbaya? Tungependa kuwasaidia, lakini si kwa kujibu kwa neno moja.

Kijana na afundishwe kwamba kukataa dhuluma ni jambo la heshima hata pale linapomgharimu mtu nyumba, mali na miaka ya ujana wake. Ricarte alilifanya hilo kwa ukamilifu, na yule mwanamke aliyemfuata Hong Kong na mtoto mkononi alilifanya pamoja naye. Afundishwe vilevile kwamba kazi haishii hapo. Anayemkataa mwenye nguvu mmoja hutafuta pa kuegemea, na hapo ndipo wengi wenye nia safi hupotea. Aguinaldo aliegemea Marekani dhidi ya Hispania. Sultani wa Sulu aliamini mkataba wa Bates. Ricarte aliegemea Japani dhidi ya Marekani. Kila mmoja alimpima rafiki mpya kwa kumtazama adui aliyempiga, wala hakumtazama vya kutosha alivyowatendea waliokwisha kuwa mikononi mwake. Wakorea wa Yokohama wangeweza kumwambia Ricarte mengi, lau angeuliza.

Tena hili si la majemadari peke yao. Katika familia zetu, katika vyama na misikiti yetu, hutokea mtu akadhulumiwa na huyu, akamkimbilia yule kwa sababu tu wawili hao hawapatani. Kabla ya kumpa mkono, inafaa aulizie habari zake kwa jirani yake wa zamani, mfanyakazi wake na mpangaji wake. Swali hilo halina gharama. Kutouliza kulimgharimu mzee wa Yokohama jina safi alilolilinda kwa miaka arobaini.

Sisi tumekuwa tukimkumbuka zaidi katika kile kijumba chake cha kuuzia chakula kando ya bandari, mwalimu wa zamani mwenye wanafunzi wachache wa Kihispania, mkewe jikoni, na juu ya mlango majina matatu ya visiwa yaliyounganishwa kuwa moja: kaskazini, kati na kusini. Hapo hakuwa na jeshi nyuma yake wala dola ya kumkopesha ndege. Alikuwa na neno lake tu, na hapo ndipo neno hilo lilipokuwa zima.